Samaki wa Mvua

Harufu ya tope jeusi linapoloweshwa na mvua ya kwanza bado hunirudisha kwenye kidimbwi chetu, bondeni nje kidogo ya Masasi, nilipokuwa mtoto wa kike mwenye magoti machafu na maneno mengi. Wakati wa kiangazi kidimbwi kilikauka kabisa, kikapasukapasuka. Lakini wiki chache tu baada ya mvua kuanza, maji yalijaa samaki wadogo, urefu wa kidole, ubavu wa buluu na mkia mwekundu kama pilipili mbivu. Walipogeuka juani, maji yote yalimeta. Hakuna mto ulioingia pale, kwa hiyo sote tuliamini wanashuka na mvua. Nilikuwa nikisimama uani, kinywa wazi, nikingoja mmoja aniangukie, na Bibi akicheka mpaka anashika kiuno. Hawakuvuliwa ovyo. Walikuwa samaki wa mzazi: mwanamke akijifungua, alipikiwa mchuzi wao ili maziwa yatoke.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walichoma nyumba na maghala yetu, nasi tukapanda uwanda wa juu, upande wa Newala, tukajificha vichakani tukila mizizi. Tuliporudi tulikuta majivu matupu. Mama alikuwa na mimba kubwa, na mawingu yalikwisha anza kukusanyika. Baba alisimamisha miti ya nyumba, lakini udongo wa pale ulikuwa wa kichanga, haukushika.

"Baba, mbona tope la kidimbwini linanata?" nilisema.

"Ee! Huyu mwanangu ana akili," akajibu, nami nikavimba kwa fahari.

Kijiji kizima kikatuiga. Tulichimba kidimbwi mpaka tukafika kwenye changarawe, tukalowesha lile tope, tukalikanyaga kwa nyimbo, tukakandika nyumba zote. Zilipokauka, kuta hazikuwa na ufa hata mmoja. Mama alizipapasa akitabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu vita vianze.

Mvua ikanyesha. Mama akajifungua mtoto wa kiume, lakini njaa ilikuwa imemmaliza, maziwa hayakutoka. Kila asubuhi Bibi alinituma kidimbwini na kikapu. Maji yalikuwa maangavu, vyura wakilia, mawingu yakipita taratibu chini ya miguu yangu, nami nikasahau kama nipo macho au naota. Samaki hakuna.

"Nenda tena, mjukuu wangu, leo watashuka," Bibi aliniambia.

Mdogo wangu hakumaliza mwezi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa Chiwata, mwanamke mmoja mfinyanzi alinionyesha bonge la tope kavu kutoka kidimbwi cha kwao. Ndani mlikuwa na chembe ndogo kama uwele.

"Mama Zuhura, samaki hawa hawashuki," alisema. "Mayai yao hulala topeni, yakingoja mvua."

Niliketi chini. Mama alikuwa bado hai, akiamini kuwa ni mbingu zilizotunyima. Sikumwambia. Niliogopa, na nilimpenda mno.

Siku hizi vidimbwi vyote vimelimwa mpunga, hata kile cha Chiwata. Wajukuu zangu wanashiba, nami nafurahi kuwaona wakishiba. Huniuliza wale samaki wa mkia mwekundu walikwenda wapi. Nawaambia niliwakandika ukutani. Wanacheka sana, wakidhani bibi yao anatania.