Siku Niliposonga Ugali wa Kimea

Kina mama wenzangu, zamani nilikuwa naogopwa kwa kumbukumbu. Hapa Kaengesa, ukitaka kujua nani kaazima jembe la nani, unaniuliza mimi, Mama Skola.

Nikiwa na miaka arobaini na mbili nilipata uvimbe, nikatolewa kizazi na ovari zote mbili. Kidonda kilipona vizuri. Wiki chache baadaye joto likaanza kunipanda kutoka kifuani hadi usoni. Baridi yetu mnaijua: kanisani wenzangu wamevaa makoti, mimi najipepea kwa kitabu cha nyimbo, jasho linatiririka mgongoni. Usingizi ukapotea. Kisha maneno yakaanza kunitoroka katikati ya maongezi.

Siku moja alitutembelea mama mkwe. Nikasonga ugali wa ulezi. Naongeza unga, unalainika. Naongeza tena, ndiyo kwanza unakuwa uji. Mume wangu akachungulia jikoni.

"Mama Skola, leo tunakunywa ugali?"

Mama mkwe akaonja, akashika mbavu kwa kicheko. "Mwanangu, umesonga kimea cha pombe!"

Ulezi uliooteshwa hausongeki hata umimine gunia, na mwanamke gani wa Kifipa hajui hilo? Wote walicheka. Mimi nililia. Mama yangu mzazi alianza hivyohivyo, akaishia kutotutambua sisi wanawe.

Nikaenda Sumbawanga mjini kwa daktari mmoja, mama wa makamo. "Daktari, akili zinaniisha."

Akanisikiliza, akanipima. "Akili zipo, mama. Dalili za ugonjwa wa mama yako sizioni. Ovari zilikuwa zinakutengenezea homoni ya estrojeni. Kazi yake haiishii kwenye kizazi. Seli za neva kwenye ubongo nazo huitegemea kupata nguvu, kujilinda na kuwasiliana. Kwako imekatika ghafla, zimeyumba."

Alinichunguza matiti na presha, akaniandikia estrojeni. Usingizi ukatangulia kurudi. Baada ya miezi mitatu maneno yakarudi, na umbea nao.

Ukiambiwa utatolewa ovari, uliza mapema: baadaye itakuwaje? Dawa hii si ya kila mtu, usimeze ya jirani.

Namshukuru Mungu na daktari yule. Na hili sijamwambia mtu: siku zile niliandika majina ya watoto wangu wanne kwenye karatasi, nikaificha, nisije nikayasahau. Juzi nimewashia nayo moto, huku nawaita mmoja mmoja waje kula.