Nusu Saa ya Salamu

Kwa nini mama yangu, ambaye nyumbani aliweza kumaliza siku nzima kwa "leta kuni" na "funga mlango, vumbi", akikalishwa mbele ya kompyuta ya maktaba alikuwa hamalizi salamu? Nilijiuliza swali hilo Alhamisi tatu mfululizo, vidole vyangu vikiwa juu ya vibonye na saa ikienda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nilijiona naweza kuhoji kila kitu kilicho chini ya Mlima Hanang.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Katesh. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, wengi wetu tukiendelea kuandika Arusha kwenye anwani kwa mazoea, lakini kompyuta mbili zilikuwa zimeshafika, na intaneti, na masharti yake. Masharti hayo aliyaandika mkutubi kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Alikuwa mama wa makamo, mwenye saa ya mezani ya kengele ambayo aliiamini kuliko watu.

Vua viatu mlangoni. Nawa mikono. Andika kwenye daftari jina lako na sababu ya kutumia mtandao. Hapo watu waliandika walichozoea kuandika maofisini, yaani "shida". Kila mtu nusu saa, mara moja kwa wiki. Usibonyeze usichokijua. Neno la siri liandikwe kwenye daftari la maktaba ili lisipotee.

Nilimwuliza ni siri gani hiyo inayokaa daftarini.

"Binti, tangu nianze kuyaandika, hakuna aliyepoteza," alisema.

Nikamwuliza tena, mtu atakijuaje kitu kabla hajakibonyeza? Hilo alisema nitamletea jibu nikitoka chuoni, kama nitafika huko.

Kufika huko ndiko kulikokuwa mashakani. Nilikuwa nimepata barua ya kuitwa chuo kikuu Dar es Salaam, na chuo kilitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Wakati huohuo shule mpya ya kata ilikuwa ikitafuta walimu wa muda, na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, alikuwa ameshazungumza na mwalimu mkuu. Alisema nifundishe hapahapa, chuo hakihami. Mama hakusema nibaki wala niende. Kwa kuwa baba hayupo, neno lilikuwa la baba mkubwa na la kaka yangu, mtoto wa kwanza, aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo ng'ambo. Baba mkubwa alikubali kaka aulizwe na akaahidi kufuata atakachosema, mradi aulizwe mbele yake. Hakutaka mambo ya mlango wa nyuma. Simu ya ng'ambo tulishaijaribu. Vocha iliisha tukiwa bado tunaulizana hali.

Basi ikawa barua pepe. Mama hakujua kutumia mashine, na kwa watu kama yeye kulikuwa na sharti la mwisho kabisa kwenye ile manila: msaidizi ataandika anayoambiwa tu. Mkutubi alilitunga baada ya kijana mmoja kumwandikia bibi yake barua na kuchomekea ombi la viatu vya mpira. Kwa hiyo niliketi kama mkono wa mama, sina ruhusa ya kujitetea hata kwa nukta.

Alhamisi ya kwanza baba mkubwa aliziacha katambuga zake mlangoni, akakaa benchi la magazeti, akaona hasikii, akalisogeza benchi. Mama akaanza. Alimjulisha kaka kwamba sisi wa Jorodom hatujambo. Akapeleka salamu za shangazi wa Getanuwas, na za mifugo iliyoachwa kwa shangazi, mmojammoja kwa rangi. Akahamia kwa ndugu zake wa Masieda, akianza na wazee, na kila mmoja alikuwa na mguu au kifua cha kuelezewa. Mashine ilikuwa inachora mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Baba mkubwa aliinama akatazama, akauliza kama hayo yote ni makosa yangu. Kengele ikalia tukiwa kwenye mvua na maharage, nikaituma hivyohivyo.

Alhamisi ya pili tulisalimia Masieda upya, kwa kuwa wawili walikuwa wamepata nafuu. Nilimnong'oneza mama kwamba muda unakwisha. Akanitaka nifute neno "wamepona", niandike "wanaendelea vizuri", maana mjomba alikuwa bado anakohoa asubuhi.

Alhamisi ya tatu ikabaki dakika moja. Mama akavuta pumzi, akasema, "Sasa mwanangu, neno lenyewe ni hili," nami nikakaa sawa kitini. Halafu akakumbuka kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, na kengele ikalia kabla hatujasema kazaa nini.

Njiani nilimlaumu. Nilimwambia kaka hana haja ya kujua mguu wa kila mtu, na kwamba imebaki Alhamisi moja tu, ikipita hiyo nitakuwa mwalimu wa shule ya kata mpaka nife. Baba mkubwa alikuwa mbele yetu, amejifunga shuka, akitembea kama mtu asiye na haraka, na kweli hakuwa na haraka. Kila kengele ilikuwa upande wake.

"Wewe," mama alisema, "utapenda uombwe jambo kabla hujasalimiwa?"

Nilikuwa na hoja nne za kumjibu, nikazimeza kwa sababu upepo ulikuwa umejaa mchanga.

Alhamisi ya nne mama alinawa mikono, akakaa, akasema niandike. "Mwanangu, sote hatujambo. Mdogo wako ameitwa chuo kikuu. Baba yako mkubwa anaona abaki afundishe hapa. Wewe unasemaje? Mama yako." Nikangoja Masieda. Akaniambia nitume.

Mkutubi aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Baba mkubwa naye alikuwa bado ameinamisha kichwa, akisubiri.

"Na ng'ombe je?" aliuliza.

"Shemeji, ng'ombe wamesalimia Alhamisi tatu."

Kwa kuwa zamu ya mama isingerudi hadi wiki iliyofuata, mkutubi alikuja mwenyewe nyumbani Jumapili baada ya ibada. Alisema kuna jibu, hajalisoma, ila amelichapa. Baba mkubwa akaitwa, nikalisoma kwa sauti. Kaka alikuwa ameandika ukurasa mzima wa salamu, akaulizia kila mguu na kila kifua, na ndama pia. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kuhusu mdogo wake, yeye anaona aende.

Baba mkubwa alinitaka niurudie mstari ule. Akamaliza kwanza kikombe chake cha chai. Kisha akasema kijana amesema, na akauliza basi la Dar linaondoka saa ngapi. Ndiye aliyenibebea sanduku hadi stendi, akinionya njia nzima nisibonyeze nisichokijua.

Nilisoma, nikafanya kazi, nikaendelea kuhoji watu wasiohitaji kuhojiwa. Miaka mingi baadaye kaka alikuwa likizo nyumbani kwangu, akitafuta cheti fulani kwenye barua pepe zake za zamani, akaniita nione. Kulikuwa na barua tatu za salamu na ile moja fupi ya Alhamisi ya nne, zote zimeandikwa na vidole vyangu. Kati ya ya tatu na ya nne palikuwa na nyingine ambayo sikuwahi kuiona, imetoka kwenye anwani ya mama, ina mstari mmoja na haimsalimii mtu yeyote: "Alhamisi nitakuuliza mbele ya baba yako mkubwa. Sema aende."

Ilitumwa Jumanne, na neno la siri la mama lilikuwa kwenye daftari la mkutubi. Jumanne ile mama alituaga kwamba anakwenda mashineni kusagisha, na nakumbuka alirudi na unga.