Tundu Lililojifunga Mara Mbili

Asubuhi ile ya Koboko naikumbuka hadi leo, mwanangu, na bado naona haya. Nilikuwa fundi kijana wa mitandao, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Nilikaa ofisini Arua, nikitunza kwa kompyuta yangu mtandao wa hospitali moja ya Koboko.

Karani wa mapokezi, Mama Keji, akapiga simu: tundu lake la kuchomekea waya wa mtandao limekufa. Nikatazama, nikaona swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao, imelifunga yenyewe. Tulikuwa tumeiwekea ulinzi: ikiona ujumbe wake unarudi kwa tundu lile lile ulikotokea, hulifunga, maana huko kuna waya unaozunguka. Nikalifungua. Dakika haijaisha, likajifunga tena. Loo, nilikasirika! Badala ya kuuliza mezani kuna nini, nikazima ulinzi wote wa tundu hilo, nikaenda kunywa chai. Nilijiona bingwa kweli.

Chai haijapoa, mtandao wa hospitali nzima ukalala. Ujumbe ulizunguka na kuzunguka hadi ukajaza njia zote, nikashindwa hata kuifikia swichi kutoka Arua. Na wodini alikuwapo mama mmoja kutoka Dranya aliyetoka kujifungua, damu inamtoka, daktari anasubiri maabara imtumie kundi la damu yake kwenye kompyuta.

Mzee Candia, mkubwa wangu wa kazi, alinipakia garini, akaendesha hadi Koboko. Mezani kwa Mama Keji tulikuta swichi ndogo, na waya mmoja uliochomekwa humo ncha zote mbili.

"Ncha moja ya waya ilikuwa inalala chini," Mama Keji akasema. "Nimefagia, nikairudisha vizuri."

Mzee akachomoa ncha moja. Mtandao ukarudi hapo hapo. Kisha akanishika mkono, akanipeleka hadi mlango wa wodi. Yule mama alikuwa hai, damu ikiingia mkononi mwake kwa mpira. Mtu wa maabara alikuwa amekimbia hadi wodini na majibu kwenye karatasi.

"Ile tundu ilikuambia mara mbili iko shida," Mzee akasema. "Wewe ukafunga mdomo yake."

Nililia, mwanangu, mbele za watu.

Basi nisikilize. Kila tundu ambamo watu huchomeka vitu vyao, liwekee ulinzi. Njia ya swichi kwa swichi usiiwekee huo, maana swichi hupashana habari humo, nawe utajifungia njia mwenyewe. Tundu likijifunga, usiliguse kabla hujamwuliza aliyeketi hapo amechomeka nini. Akikosa jibu, panda gari uende. Barabara ya Koboko haijamuua mtu kwa vumbi!

Mungu akupe subira ya kuuliza. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea tu, akuwekee pale mtu mwenye miguu ya kukimbia.