Kidonge Kabla ya Chai

Mume wetu alianguka mpakani Malaba, katikati ya malori, akipakia maharagwe kutoka ng'ambo. Nasema wetu kwa sababu tuko wawili: mke mkubwa, na mimi niliyekuja nyuma. Nyumba zetu hapa Mundika zinatazamana, kila mmoja anajua mwenzake anapika nini.

Ulikuwa mshtuko wa moyo. Mke mkubwa alibaki na ng'ombe, mimi nikakaa na mzee hospitalini. Mshipa mkubwa ulizibuliwa, lakini vipimo vya damu vilionyesha tezi yake ya shingo imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Daktari akanieleza kwamba moyo ulioumia unaihitaji homoni hiyo, ili ile mishipa yake midogo, myembamba kama nywele, isizidi kufa. Akampa kidonge kimoja cha kumeza kila alfajiri kwa maji matupu. Chai ya maziwa ingoje saa nzima, la sivyo dawa haiingii mwilini vizuri.

Nilirudi na vidonge vile nikiringa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha mzee ambacho mke mkubwa hana.

Ila yeye alikuwa na chai. Tangu niolewe, hata mzee akilala kwangu, kikombe chake cha kwanza hutoka nyumba kubwa. Ndiyo desturi ya boma hili. Kabla hakujapambazuka vizuri nilisikia ndara zikiburutwa uani, chupa ya chai ikiwekwa mlangoni. Mzee alimeza kidonge changu, na papo hapo akamimina chai yake.

"Mzee, ngoja kwanza. Daktari alisema saa moja."

"Sasa huyo mama nitamwambia aje? Nirudishe chupa imejaa?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe! Ataona umemkatalia chai. Wacha tu."

Wivu ulinishika. Yaani moyo wake ufe, mradi yule asinune! Mimi nikinuna hata haoni.

Ikawa hivyo kila siku. Miguu ikaanza kumvimba, akawa anahema akitoka chooni tu. Damu ikapimwa tena, homoni bado iko chini. Daktari akamuuliza anakunywaje dawa. Mzee akatazama ukuta.

Jioni hiyo nilichukua vidonge nikavuka ua. Mke mkubwa alikuwa anachambua kunde. Nikamweleza yote, na sauti yangu haikuwa tamu.

"Na mbona hamkuniambia?"

"Aliogopa utakasirika."

Akaweka kunde chini, akanyoosha mkono. "Basi akuwe analala huku, nimpee mwenyewe. Chai itangoja."

Nilijua atasema hivyo. Nikampa. Ningekataa, mzee angefia kwangu na kikombe mkononi.

Sasa kila alfajiri ninaisikia ile saa ya kungoja chai, huko ng'ambo ya ua. Wanazungumza. Kwangu hakuwahi kukaa saa nzima akizungumza. Halafu mzee anacheka, kicheko ambacho mimi sikuwahi kukisikia, na roho inaniuma hadi ninajifunika blanketi kichwani.

Juzi walitoka kliniki pamoja. Homoni imepanda, uvimbe umeisha, anatembea bila kuhema. Akaja kusimama mlangoni kwangu kunipa habari hizo. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Nikamvutia kiti, nikachukua chupa yangu.

"Karibu chai, mzee."

"Asante, mama. Nimekunywa huko."