Babu Mgongoni, Mama Nyuma

Makuti yakiungua yana harufu yake, si ya kuni wala ya takataka. Ikinipata popote hunirudisha Ziwa la Ng'ombe, mtaa niliokulia, nami sipendi kurudishwa.

Baba yangu alisomesha historia, na jioni alipenda kutusimulia utenzi mmoja wa Warumi wa kale. Mji unawaka. Shujaa anambeba babake mzee mgongoni, anamshika mwanawe mkono, anamwambia mkewe afuate nyuma. Akifika hapo, machozi yalimlengalenga. "Huo ndio wajibu," alituambia. "Mzazi haachwi." Mimi nilijiona ndiye yule mtoto wa kushikwa mkono, nikafurahi kweli. Mke hupotea njiani, lakini hapo Baba alipita mbio.

Asubuhi moja mtungi wa gesi wa jirani ulilipuka, upepo ukauleta moto hadi kwenye paa letu. Babu alikuwa amepooza miguu. Baba akamtia mgongoni, akanikamata mkono. "Mama Rukia, tufuate nyuma," akasema, tukatoka. Babu aliikumbatia redio yake, ikaimba taarabu njia nzima, hata waliokuwa wakikimbia na ndoo wakacheka.

Tulipofika barabarani watu walimsifu Baba. "Wallahi, huyu ndiye mwana," mzee mmoja alisema. Mama hakuwepo.

Alikuja baadaye, amejaa masizi, mkono umebabuka. Boriti ilikuwa imeanguka mlangoni kabla hajatoka, na majirani ndio waliomtoa kwa dirisha.

Tulihamia kwa shangazi, Changamwe. Siku moja, Mama akijipaka dawa mkononi, Baba alianza mwenyewe bila kuulizwa.

"Mzee hawezi kutembea. Ningefanyaje?"

"Sikukukanya kumbeba babako, Baba Rukia. Hata mimi ningembeba. Lakini nilikuita."

"Nilisikia," Baba akasema. "Ila nilikuwa na Mzee."

Mama akafunga kopo la dawa, akaenda jikoni.

Kwa miaka mingi nilimwona Mama mkaidi, nikamkasirikia kwa niaba ya Baba. Alitaka nini zaidi, na mtu amemwokoa mzazi wake? Leo nina mume, na mama mkwe asiyejiweza yumo nyumbani mwangu, na swali lile limenigeukia. Mama hakuwa na ugomvi na wajibu. Alitaka Baba ageuze uso tu, na hilo lisingemwangusha Babu.