Mstaafu wa Miaka Kumi na Minane

Mimi ni mshona nguo, na kwenye nyumba yetu ya vyumba vinane wananiita Bi Sindano. Wageni hudhani ni kwa sababu ya cherehani. Wenyeji wanajua ni kwa sababu ya mdomo. Siwalaumu. Marehemu mume wangu aliuvumilia mdomo huu miaka ishirini na sita, na wanangu wawili wote wameoa mbali, nadhani kwa makusudi.

Basi binti ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuja kukaa chumba namba nne, mimi nikiwa namba tatu. Ukuta mmoja. Nikipiga chafya ananisikia, akiangusha mfuniko wa sufuria namsikia. Aliletwa asubuhi moja na afisa wa ustawi wa jamii, bwana mwembamba mwenye faili kwapani, binti akimfuata na begi, ndoo mbili, godoro na jiko dogo la gesi. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane wiki ile ile. Alilelewa kwenye kituo cha watoto tangu hajajua kutembea, na sheria ya kituo ni kwamba ukifika umri huo unatoka, uwe tayari usiwe tayari.

Afisa akatukusanya uani atueleze, tusije tukamdhania vibaya mtoto wa watu. Akasema kuna mpango mpya. Kila kijana anayetoka kituoni atapewa pesa kila mwezi kwa miaka miwili, ya kodi, chakula na nauli. Haulizwi kaitumiaje, hapangiwi cha kufanya. Anapewa ili asimame.

"Anapewa tu?" nikamwuliza.

"Anapewa tu, mama."

"Na mimi niliyeanza kushona wewe hujazaliwa, nani ananipa tu?"

Watu wakacheka. Dereva wa lori wa chumba namba saba akadakia, "Jamani, huyu amestaafu kabla hajaajiriwa!" Jina likamganda pale pale. Mstaafu. Hata watoto wa uani wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Mstaafu," huku wanajificha nyuma ya mapipa. Yeye anaitikia marahaba na kutabasamu, kumbe hajawahi kuamkiwa na mtu tangu azaliwe.

Nitasema kweli, nilikuwa namngojea aharibike. Pesa ya bure, binti mbichi, chumba peke yake! Nikawaambia wenzangu, haipiti miezi mitatu tutaona viatu vya wanaume pale mlangoni. Thubutu! Mwezi wa kwanza akalipa kodi kabla ya tarehe. Mwezi wa pili akajiandikisha chuo cha ufundi, akachagua kutengeneza friji. Nikamwuliza, binti, ususi umeuonaje, upishi umeuonaje, friji za nini? Akaniambia kwamba alipokuwa na miaka kumi friji la kituo liliharibika, akaja fundi, na mlezi mkuu, mama ambaye kituo kizima kilikuwa kinamtetemekea, akamshikia yule fundi tochi nusu saa nzima bila kutoa neno.

"Nikasema na mimi nitakuwa yule fundi," akasema, na siku hiyo nikacheka mpaka nikajichoma pini.

Ila alikuwa na jambo lake. Asubuhi ya pili tangu ahamie nikasikia hodi.

"Shikamoo shangazi. Naomba ruhusa niende dukani."

"Ruhusa?"

"Nanunua sabuni. Sitachelewa."

Nikadhani ananikejeli. Nikamkazia macho, nikaona hana kejeli hata chembe, amesimama wima, mikono nyuma. Nikamwambia haya, nenda. Haikupita robo saa, hodi tena. "Shangazi, nimerudi."

Ikawa ndiyo desturi. Akienda chuoni anaomba, akienda zahanati anaomba, akienda kuchota maji bomba la mtaa wa pili anaomba. Akirudi anakuja kusema amerudi. Nilimbana siku moja akanieleza. Kule kituoni hutoki getini bila kumwomba mlezi wa zamu, na ukirudi unaripoti, jina lako linawekewa alama kwenye daftari. Mmoja akikosekana, sahani hazigawiwi mpaka apatikane. Miaka kumi na minane ameishi hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu mzima akitaka kutoka anatoka tu. Kwa hiyo alipofika kwetu akatafuta mtu wa makamo aliye jirani, akaniangukia mimi.

Uani wakapata kichekesho. "Bi Sindano, mpe Mstaafu likizo!" Na mimi nikafurahia utani. Nikawa namwambia ruhusa imekataliwa, kwanza nioshee vikombe. Masikini, anaviosha kweli, na kuvipanga, mpaka nikaona haya nikaacha. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nimeshamzoea. Mtu ukiishi peke yako na cherehani, kugongewa mlango mara nne kwa siku si jambo dogo.

Miezi minane tukaenda hivyo. Kisha ukaja msimu wa sare, shule zinakaribia kufunguliwa, na kila mzazi aliyelala mwaka mzima anaamka siku moja anataka sketi kesho. Nilikuwa na mashati sitini yasiyo na kola. Sindano imenikatikia mara mbili. Mteja mmoja amenitukana mbele ya watu. Na mwanangu mkubwa amenipigia simu kuniambia mwaka huu hawezi kuja tena, mama utanisamehe. Nimekaa na hayo yote kifuani, mara hodi.

"Shangazi, naomba ruhusa..."

Nikalipuka. "Ruhusa, ruhusa! Mimi ni mlezi wako? Kuna anayenilipa kwa ajili yako? Una pesa yako, una ufunguo wako, mtu mzima mwenye matiti! Nenda unakotaka, rudi unapotaka, usirudi ukitaka. Mimi inanihusu nini?"

Hakulia. Alishusha mikono tu. "Nimekuelewa, shangazi. Samahani kwa usumbufu."

Na mimi, mwenye akili zangu, nikamsimulia dereva wa lori kwa majivuno, kwamba leo nimemfundisha yule mtoto kujitegemea. Dereva akanisifu. Kesho yake hodi haikuja. Nilisikia mlango wake ukifunguka, ufunguo ukizunguka, ndala zikipita mbele ya chumba changu. Zilipunguza mwendo kidogo, halafu zikaendelea. Ikawa hivyo siku zote. Kwenda kimya, kurudi kimya.

Ningeweza kumwita. Njoo unywe chai, maneno matatu, yasingenipunguzia kitu. Lakini nina kiburi, na mwenye kiburi hakosi sababu. Nikasema ngoja nimalize sare. Nilipomaliza sare zikaja gauni za harusi. Nilipomaliza hizo nikasema, aa, sasa itaonekana ajabu, baada ya muda wote huu namwitia nini?

Mara moja tu tulisimama pamoja kwenye kamba ya nguo. Akaniambia amefaulu mtihani wa kwanza na bado miezi sita apate cheti. Nikasema hongera, nina vibanio mdomoni. Akabaki amesimama pale na ndoo yake tupu. Nikaokota beseni langu nikaingia ndani.

Siku nilipojua, nilikuwa napiga pasi. Mwenye nyumba akapita na kijana mmoja na mkewe, akawafungulia chumba namba nne. Nikatoka mbio.

"Unawaonyesha chumba cha watu? Mwenyewe yuko chuoni!"

"Mwenyewe yupi?" akasema mwenye nyumba. "Alinirudishia ufunguo Jumanne ya wiki iliyopita. Wewe hukujua? Si mnalala ukuta mmoja?"

Nikachungulia. Sakafu imefagiliwa, hakuna hata msumari. Nikahesabu kwa vidole: siku tisa. Siku tisa nimekaa kando ya chumba kitupu. Na aibu yenyewe ni hii, juzi yake tu nilikuwa nimenung'unika kwamba Mstaafu leo kafungulia redio sana. Ilikuwa redio ya chumba namba tano.

Nilizima pasi nikaenda ofisi ya ustawi, na khanga yangu ya kazi hivyo hivyo. Afisa akanikumbuka, akanipa kiti, akafungua faili. Akanisomea. Kodi imelipwa miezi yote. Hajaugua, hajakamatwa, hajapata mimba, amefaulu.

"Kwenye ripoti yangu anaongoza, mama. Kati ya vijana wote wa mpango huu, ningepewa nafasi ya kumwonyesha mmoja, ningemwonyesha huyu."

"Sasa yuko wapi?"

Akafunga faili. Amekwenda kuwa mhudumu wa bweni, shule ya wasichana, safari ya saa mbili kwa basi. Analala huko huko. Pesa yake ya kila mwezi itaendelea kuingia popote alipo, hiyo haina shida. Chuo ameacha.

"Na mmemwacha?"

"Pesa haina masharti, mama, na yeye hana minyororo. Nilimwuliza amepungukiwa nini. Akasema hajapungukiwa kitu." Akajikuna shingo. "Sikujua niandike nini hapo." Kisha akaniambia kwamba amewaomba chuo wamshikie binti nafasi yake mpaka Ijumaa. Ikipita Ijumaa anapewa mwingine, na miezi yote aliyosoma imekwenda na maji. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Niwe mkweli hapa. Ile pesa niliisema vibaya, na naitaka radhi. Ilifanya kazi yake. Binti hakulala njaa, hakudanganywa na mwanamume yeyote kwa sahani ya chakula, hakwenda kupiga magoti kwa mtu. Pesa haiwezi kuuliza leo umechelewa wapi. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na sikuhitaji kulipwa.

Alhamisi nikapanda basi la alfajiri. Getini mlinzi akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema shangazi yake. Nilingoja kwenye benchi, nikamwona anatokea upande wa majengo, amevaa ovaroli la buluu lililomzidi mabega. Aliponitambua akaanza kukimbia. Kisha akasimama, akaja akitembea.

"Shikamoo shangazi. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nimekuja kukuchukua." Na mdomo wangu ukafunguka, safari hii kwa wema: chuo wanamngoja mpaka kesho, nimeongea na mwenye nyumba amenishikia chumba siku mbili, ile miezi sita si kitu, itapita kama mchezo, asiutupe ufundi wake kwa ajili ya kukunja mashuka ya watoto wa watu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kwenye benchi kando yangu.

"Wako sabini na wawili, shangazi. Jioni tunahesabiwa. Na mimi nahesabiwa pamoja nao. Juzi nilichelewa stoo, wakatuma mtu aje anitafute." Alilisema hilo kwa fahari, uso wote unang'aa.

"Hata mimi nitakutafuta," nikasema.

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Ulijua lini kwamba nimeondoka?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema siku ile ile, ningesema nilikuwa naumwa. Mimi sishindwi na maneno. Lakini alikuwa ananitazama vile anavyosimama mlangoni kwangu, wima, anangoja jibu.

"Siku ya tisa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuja kuaga," akasema. "Cherehani ilikuwa inalia. Nikangoja mpaka ulipobadilisha uzi, nikagonga. Ukasema uko na kazi."

Nikaanza kuchambua vipande vya uzi vilivyoganda kwenye gauni langu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kuja, akasema yeye ndiye wa zamu na wasichana wanatoka darasani. Nilibaki pale mpaka mlinzi akaja kuniambia, mama, basi la mwisho litakuacha.

Ijumaa ikapita. Nafasi yake chuoni akapewa kijana mwingine, na chumba namba nne wakahamia wale mtu na mkewe. Mimi nashona. Kazi zote za siku zile nazikumbuka, nani alitaka mikono mifupi, nani hajaja kuchukua gauni lake. Nimejaribu kuikumbuka ile hodi. Nimejaribu sana. Siikumbuki.