Mpiga Dramu Wetu wa Kwanza

Bendi yetu ilizaliwa kwa kosa la muuza simu. Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja kidato cha tatu, alipeleka memori kadi yake kwenye kibanda kimoja cha simu mtaani kwetu Dunda ajaziwe kaswida na bongo fleva. Kijana wa kibandani akamjazia nyimbo za mteja mwingine. Rafiki yangu alipofika nyumbani na kuzifungulia, akakutana na magitaa yanayonguruma kama mashine ya kusaga, na watu wanapiga kelele kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu wetu asingekifuata. Mtu mwingine angerudi kudai haki yake. Yeye alisikiliza kadi nzima mara mbili, na kesho yake akaja shuleni macho mekundu.

"Oya, sikiliza hii," akaniambia. "Halafu uniambie kwa nini sisi tusiweze."

Nimeanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilipoulizwa habari za bendi ile nilisema, "Tulianza watatu." Hatukuanza watatu. Alianza yeye, sisi wawili tukamfuata.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya gitaa. Mjomba wangu alikuwa akipiga kwenye kikundi cha taarabu kilichokwisha kufa, na gitaa lake la umeme lilikuwa limelala juu ya kabati, limepungukiwa nyuzi mbili. Mwenzetu wa tatu alichukuliwa kwa sababu ya mahali. Baba yake alikuwa na gereji kando ya barabara ya kwenda Zinga, banda la bati lenye sakafu nyeusi kwa oili. Kila Ijumaa mafundi walifunga kazi kabla ya swala na hawakurudi mpaka Jumamosi. Tukitoka msikitini, gereji ilikuwa yetu. Huyo tukampa besi, ambayo kwa kweli ilikuwa gitaa kuukuu la mbao tulilolifunga nyuzi nene na kulibandika maiki ya karaoke.

Dramu rafiki yangu aliziunda mwenyewe. Ngoma moja ndogo aliiazima kwa skauti wa shule. Zilizobaki zilikuwa ndoo za rangi, pipa la oili lililokatwa nusu, na sahani mbili za klachi alizozitundika kwa waya zikawa matoazi. Alichukua pedeli ya gari bovu akaifanya kanyagio la kupigia pipa. Kirungu chake alikishona dada yake, kitambaa kigumu kilichoshindiliwa sufi, na kilipogonga lile pipa bati zote za paa ziliitikia.

Dada yake alimzidi miaka minne, na ndiye pekee nyumbani kwao aliyejua. Baba yao alikuwa maalim wa madrasa, mtu mpole, anayezungumza taratibu hata akikasirika, lakini kwake muziki ulikuwa dufu na kaswida, basi. Kwa hiyo kila Ijumaa rafiki yangu aliaga kwamba anakwenda tuisheni. Dada alimfichia suruali na fulana ndani ya mfuko chini ya madaftari, na akirudi ananuka oili alimfulia nguo hizo kabla maalim hajazikuta kwenye kamba. Maalim akiuliza, dada ndiye aliyejibu, "Masomo ya mwaka huu magumu, baba."

Rafiki yangu alifurahi gerejini kama sijawahi kumwona mtu akifurahi. Jasho lilimtoka mpaka kope zikalowa. Saa ya alasiri alitusimamisha, tukatawadha kwa maji ya dumu, tukaswali juu ya maboksi, kisha akarudi kwenye ndoo zake akicheka. Lakini alikuwa na kasoro moja. Alikimbia. Wimbo ukianza mwendo wa kutembea, ubeti wa pili anakwenda mchakamchaka, na mwisho sote tunahema. Tulimwambia. Alijaribu. Alihesabu kwa mdomo, alifumba macho, alipiga polepole mstari mmoja, miwili, halafu furaha ikampanda na miguu ikamponyoka.

Tulikuwa tumepiga karibu mwaka mzima tulipopata habari kwamba Kerege kutakuwa na bonanza la vijana, na kwamba vikundi vya muziki vitapewa nafasi uwanjani. Tukajiandikisha. Ijumaa iliyofuata, rafiki yangu akiwa mgonjwa wa homa, kijana mmoja aliyekuwa akisomea sanaa mjini alipita barabarani akasikia magitaa yetu. Akasimama mlangoni, akaomba kukaa kwenye dramu. Tulipiga wimbo mmoja naye. Alipiga kama saa ya ukutani. Kwa mara ya kwanza nilisikia gitaa langu mwenyewe, nikasikia lina maana, nikaona aibu kwa jinsi nilivyolipenda.

"Mkinitaka nipo," alisema akiondoka. "Ila amueni mapema."

Mpiga besi akanigeukia. "Mwambie wewe. Ni rafiki yako."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilijaribu. Jumatatu nilimsubiri njiani, akatokea anakimbia kunionyesha sahani ya tatu ya klachi aliyoipata kwa fundi mmoja. Aliigonga kwa kalamu hapohapo barabarani. "Sikia hiyo! Hii tunaipigia Kerege." Nikasema inalia vizuri. Jumanne sikusema kitu. Jumatano nilijua maalim amemtuma shamba akachukue mihogo, na alasiri ile nikachukua daftari lake la fizikia nililokuwa nimeazima, nikaenda kwao.

Nataka niliseme hili bila kulizungusha. Sikwenda kurudisha daftari.

Maalim alikuwa ameketi barazani anashona kofia. "Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenzio hayupo, nimemtuma."

Nikampa daftari. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipangusa, akaliweka pembeni. Akaniuliza hali ya mama, nikamjibu. Akaniuliza masomo, nikamjibu. Kisha akasema, "Na tuisheni ya Ijumaa je? Huyu anarudi kachoka sana."

"Maalim," nikasema, "hakuna tuisheni ya Ijumaa."

Sindano ikasimama. Nikamweleza yote: gereji, ndoo, pipa, bonanza. Nilimweleza kama mtu anayesikitika, na sauti ikanitetemeka kwa kweli, maana nilikuwa naogopa. Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwemo kwa kiasi gani. Nilisema "wanapiga", sikusema "tunapiga".

Maalim akaichomeka sindano kwenye kofia. "Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Mitihani imekaribia, maalim. Namwonea huruma."

"Mungu akulipe kheri," akasema. "Si wengi wanaomtakia mwenzao mema namna hiyo. Wala sitamwambia mtu kwamba ni wewe." Akamwita binti yake aniletee maji. Dada akatoka nayo katika bilauri ya kioo, akanikaribisha kwa tabasamu, hajui kitu. Nikayanywa yote.

Ijumaa asubuhi rafiki yangu alinivuta nyuma ya darasa. Hakupigwa, maalim hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa ameambiwa tu kwamba wiki ijayo anahamia Pangani kwa baba yake mkubwa, akasome huko na kusaidia dukani.

"Dada kaniuza," akasema.

"Una hakika?"

"Nani mwingine anajua? Nyie wawili mko nami kwenye bendi. Nimemuuliza baba, anasema aliyemwambia ananitakia mema, basi. Ni dada. Nimemwambia mpaka nakufa sisemi naye."

Hapo palikuwa na nafasi. Kengele ilikuwa haijalia, tulikuwa peke yetu, ningeweza kusema. Nilichosema ni hiki: "Wanawake hawana siri."

Nimekwisha kusema maneno mengi mabaya maishani. Hakuna ninayoyasikia masikioni kama hayo matatu.

Siku mbili baada ya yeye kuondoka, dada yake alinisimamisha karibu na soko. Alikuwa amebeba kikapu, na macho yamevimba. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ndiye anayekusikiliza. Mpigie simu, mwambie si mimi. Mimi hanipokelei. Wallahi sikusema neno."

"Nitamwambia, dada."

Sikumpigia.

Ningependa kuandika kwamba Kerege tuliaibika. Ingekuwa nafuu. Lakini tulipiga vizuri. Yule kijana wa sanaa alituendesha kama gari jipya, watoto wakaruka vumbi likapanda, akina mama wauza juisi wakaacha birika zao wakaja kutazama. Tulipewa nafasi ya pili. Mpiga besi alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Nilifurahi, na hilo nalo nimelibeba, kwamba siku ile sikumkumbuka rafiki yangu hata mara moja mpaka tulipokuwa tunafungasha na mtu mmoja akauliza, "Dramu hizi kali sana, kaziunda nani?" Yule kijana akanitazama anisikie. Nikasema, "Sisi wenyewe."

Bendi ilidumu miezi michache baada ya hapo. Kijana wa sanaa alipata kundi la kweli Dar akaenda zake. Mpiga besi alifeli mtihani akaingia gerejini kwa baba yake, na mpaka leo yuko huko. Mimi nikaishia kwenye sauti: nakodisha spika na kufunga vyombo kwenye maharusi, kutoka mjini mpaka Kerege.

Ndivyo nilivyofunga vyombo kwenye harusi ya yule dada. Maalim mwenyewe aliniita, akasema anapenda kazi yake ifanywe na kijana mwadilifu. Rafiki yangu alikuja kutoka Pangani, sasa mwanamume mwenye ndevu. Alipanga viti, akagawa pilau, akanisalimu kwa furaha ya zamani. Kwa dada yake hakwenda. Bibi harusi alipotolewa nje, alimtafuta mdogo wake kwa macho kati ya watu wote waliokuwa pale uani, mmoja mmoja. Yeye alikuwa jikoni nyuma, anaosha masufuria ambayo hakuna aliyemtuma kuyaosha. Mimi niliyaona yote mawili kutoka kwenye meza yangu ya nyaya, nikapandisha sauti ya kaswida.

Maalim alifariki mwaka jana. Nilisikia tangazo la msikitini asubuhi, na nitakiri lililonijia kwanza. Halikuwa huzuni. Nilifikiri: sasa hakuna anayejua. Alikuwa ametunza ahadi yake mpaka kaburini, nami nimekuwa salama milele. Nilikaa kitandani na usalama wangu, nikaona siwezi kuuvumilia.

Siku ya khitma nilikwenda kufunga spika za kisomo. Wageni walipopungua, nikamkuta dada yule upenuni, anafuta sahani, mtoto wake mdogo amemlalia pajani. Nikamwambia. Nilitaka kupiga magoti, nikaona nitamwaibisha mbele za watu, nikasimama hivyohivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho na kitambaa mkononi.

"Ulikunywa maji yangu siku ile," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Mimi unaniambia ya nini? Mimi najua siku zote kwamba sikusema. Nenda kamwambie asiyejua."

Rafiki yangu alikuwa uani anafungua kamba za turubai. Nilimwita kando, tukakaa kwenye benchi la kukodi, nikaanza tena tangu mwanzo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anaizungusha kamba kidoleni na kuifungua.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ulikuwa unakimbia," nikasema. "Kwenye mapigo. Na mimi nilishindwa kukwambia usoni."

Akanitazama kama mtu aliyesikia neno la lugha ya kigeni. "Kwa ajili ya hilo?" Akaiweka kamba chini. "Si ungeniambia tu. Mimi nilitaka bendi iwepo. Ningepiga kayamba. Ningebeba waya."

Hakusubiri jibu. Aliinuka, akaenda upenuni. Nilimwona akisimama mbele ya dada yake, mikono imelegea, mtu mzima wa karibu miaka thelathini na tano. Sikusikia alichosema. Dada hakuinuka, maana mtoto alikuwa amelala. Alisogea tu kidogo kwenye mkeka, na yeye akakaa ile nafasi. Nikakusanya nyaya zangu, nikaondoka bila kuaga.

Nimempigia simu mara nyingi tangu siku hiyo. Inaita mpaka inakatika. Sithubutu kusema ananionea. Dada yake aliniandikia ujumbe mara moja tu, likizo ya shule ilipoanza: watoto wake wamekwenda Pangani kwa mjomba wao, kwa mara ya kwanza. Hakuongeza neno, si la kunisamehe wala la kunilaumu. Niliusoma nikiwa kazini, ukumbi unajaa wageni, mwenye shughuli ananipungia mkono niwashe muziki. Nikamjibu dada, "Alhamdulillah," nikawasha.